Staringi Akisimamishwa Njiani

Mwanamume anatembea kando ya barabara, mfuko wa kulalia begani, nywele ndefu hazijachanwa, koti la jeshi limechakaa. Gari la polisi linapunguza mwendo. Askari anamuuliza anakwenda wapi, anampakia, anampitisha mji mzima bila kumruhusu kushuka, anamvusha daraja, anamteremsha ng'ambo na kumwambia aendelee na safari zake. Mwanamume anabaki amesimama. Kisha anageuka na kuanza kurudi mjini kwa miguu, kupitia daraja lilelile.

Hapo ndipo nilipoona watu wakipanda juu ya mabenchi kushangilia. Hakuna risasi iliyokuwa imelia bado, wala helikopta iliyoanguka. Ilikuwa miaka ya 1990, katika kibanda cha video kando ya barabara, si mbali na msitu wa Busitema, ambako nyani hukaa ukingoni mwa lami wakingoja wasafiri watupe maganda ya ndizi. Kuta zilikuwa za mabati, matundu yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma nyuma. Filamu ilikuwa First Blood ya mwaka 1982, ila kwetu ilikuwa "Rambo ya kwanza", basi. Kando ya televisheni alikaa mkalimani, maikrofoni mkononi, akizungumza juu ya sauti za Wamarekani. Rambo alimpa Kiganda chenye punje za Kisamia. Askari alimpa Kiswahili: "Wewe! Simama hapo! Kitambulisho kiko wapi? Umebeba nini humo?"

Kibanda kizima kilielewa. Katika Uganda ya wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na kizuizi cha barabarani, tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Rais Idi Amin alikuwa amekitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na kupendekezwa na mtu kama huyo hakukukisaidia. Kila aliyekaa kwenye yale mabenchi, Msamia, Mteso au Mjopadhola, alikuwa amewahi kuulizwa maswali yaleyale, kwa lugha ileile, akiwa na gunia nyuma ya baiskeli kati ya Tororo na Busia.

Pande zetu mhusika mkuu wa picha huitwa staringi, na anayepambana naye ni adui. Watanzania husema steringi. Sheria ya kwanza aliyojifunza mtoto yeyote wa kibandani ni kwamba staringi hafi. Ya pili haikutamkwa, nami imenichukua miaka kuitambua: si kila anayeshika bunduki mbele ya kamera anakuwa staringi. Walimu wa kutunga filamu watakwambia umpe mhusika shabaha, umpe kizuizi, umpe kidonda cha zamani. Sawa. Lakini watu wa mpakani wamekuwa wakichagua mastaringi wao kwa karibu miaka 90, mara nyingi kinyume cha matakwa ya waliowaletea picha.

Mpaka wenyewe ulikuwa bado mchanga sinema ilipofika. Hadi 1902 nchi yote ya magharibi mwa Kenya ya leo, hadi karibu na Naivasha, ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Waingereza wakaihamishia upande wa pili kwa karatasi, na Wasamia na Wateso wakaamka wakiwa na shangazi katika serikali nyingine. Reli ya kutoka Nakuru ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Miaka minne baadaye, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza kazi iliyoitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu kama 35. Lori lenye jenereta na pazia jeupe lilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha hazikuwa na sauti yake. Maneno yalitoka kwenye santuri, ili picha moja isemeshwe kwa lugha nyingi. Yaani tangu siku ya kwanza sura ya mhusika na sauti yake zilikuwa vitu viwili, vikisafiri katika lori moja lakini kwenye masanduku tofauti.

Na wahusika wenyewe? Mkulima mmoja anauza mazao yake na kuweka fedha posta. Mwenzake anazichimbia ndani ya nyumba, mwizi anakuja. Kulikuwa na filamu ya kodi, na ya minyoo ya safura. Ilikuwepo pia ya sungura na chui, ambayo nadhani ndiyo pekee ambayo wenye nchi hawakuhitaji kuelezewa.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ameonyesha picha za afya Nigeria, na alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe mambo polepole, bila mapindu ya kamera, na hadithi iwe nyepesi. Maofisa wa siku hizo walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa pazia zima, wakasema kwao malaria haipo kwa sababu mbu wao ni wadogo. Kila ofisa alikisimulia kana kwamba kimetokea kituoni kwake. Mimi, nikiwajua wazee wetu, naamini kama kuna aliyesema maneno hayo basi aliyasema akimtania bwana, na bwana akayaandika kwenye ripoti.

Kutokana na imani hiyo wakazaliwa Mwerevu na Mjinga. Filamu moja ya mwaka 1944 iliwaita hivyo waziwazi, mabwana wawili wanaokwenda mjini, na ilihusu magonjwa ya zinaa. Mwerevu anafuata anachoambiwa, Mjinga hafuati. Tatizo ni kwamba Mwerevu hana hadithi. Anafika, anatii, anarudi. Mjinga ndiye anayeingia baa, anayepotea njia, anayedanganywa, anayejuta. Kama unataka watu wamwige Mwerevu, usimpe Mjinga safari yote! Tanganyika walijaribu tena mwaka 1952 kwa picha ya Muhogo Mchungu, na aliyeigiza ndani yake alikuwa kijana wa ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Halafu ikaja miaka ya magendo. Amin aliwafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka ya Tororo yakabaki na rafu tupu, na sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kufuatwa Kenya. Baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa, na kahawa ya Uganda ikaanza kutembea usiku. Chepkube, soko dogo upande wa Bungoma, lilitajirisha watu kwa msimu mmoja. Kule Busia waendesha baiskeli walibeba watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha wakiita "boda, boda", jina ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima na kwingineko.

Mwaka huohuo wa baridi ya Brazili, India ilitoa Deewaar. Amitabh Bachchan ni Vijay, kuli wa bandarini anayegeuka mfanya magendo. Ndugu yake ni polisi. Mama yao anamwacha mwenye fedha na kwenda kukaa na mwenye sare. Filamu hiyo ilipotufikia kwa kanda, miaka mingi baadaye, haikuhitaji mkalimani. Waliokuwa wakilia mle ndani walikuwa watu wazima waliowahi kulala kwenye majani wakisubiri doria ipite, na baadhi yao walikuwa na ndugu kwenye hiyo doria. Na hapa sheria ya kwanza ilivunjika mchana kweupe: Vijay anakufa mikononi mwa mama yake. Hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio. Ilionekana kwamba staringi anaweza kufa, mradi afe akiwa anakwenda kule alikokatazwa na ambako hawezi kuacha kwenda.

Adui naye ana historia yake hapa, kwa kuwa sisi tulikuwa naye wa kweli. Mwaka 1974 mwongozaji filamu Barbet Schroeder alimruhusu Amin ajitengenezee picha yake mwenyewe. Amin anaongoza mashua mtoni akiwanyooshea kidole wanyama, anaonyesha askari wachache wakifanya mazoezi ya kuiteka Golan, anawakaripia mawaziri mezani huku wakiandika kila neno. Mmoja wa waliokaripiwa, Luteni Kanali Michael Ondoga wa mambo ya nje, muda mfupi baadaye maiti yake ilikutwa katika mto Nile. Filamu ilipoonyeshwa Ulaya ikiwa na vipande visivyompendeza Amin, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vipande hivyo vikakatwa. Sijui kama kuna mhusika mwingine aliyewahi kuhariri filamu yake kwa kukamata watu.

Machi 1979 wapiganaji wa upinzani waliingia Tororo, wakaishika kambi, na ndani ya siku chache wakatimuliwa. Majuma machache baadaye majeshi ya Tanzania yalifika, na Kiswahili kikaingia mjini mara hii kikiomba maji ya kunywa. Mwaka 1981 Sharad Patel, mtengenezaji filamu wa Kenya, akatoa The Rise and Fall of Idi Amin. Aliyevaa medali za Amin alikuwa Joseph Olita, Mjaluo wa Siaya, kaunti inayopakana na Busia. Olita alifanana naye kiasi cha kutisha, umbo na uso. Picha yenyewe ni ya kupiga kelele, na ina vichwa ndani ya friji. Hata hivyo Olita alishika kitu ambacho wengi hawakukishika, kile kicheko. Alimwigiza tena katika Mississippi Masala ya 1991, na alipofariki mwaka 2014 bado watu walikuwa wakimwita kwa jina la yule mwingine. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili, akaja kupigia picha Uganda, na mwaka 2007 akachukua Oscar kwa kumwigiza Amin katika The Last King of Scotland. Yeye anacheka kwanza. Unacheka naye, unampenda, unajisogeza karibu, na ukigeuka mlango umefungwa. Wazee waliokuwa Tororo enzi hizo watakwambia ndivyo ilivyokuwa, kwamba mwaka 1971 walimshangilia barabarani. Adui anayenguruma tangu dakika ya kwanza hamtishi mtu wa hapa. Anayetisha ni yule anayekusimamisha njiani na kukuuliza habari za watoto.

Upande wa Kenya, miaka ya baada ya Amin, palikuwa na televisheni ya taifa, na antena za Busia Uganda zilizofungwa kwenye mianzi zilitazama mashariki kama alizeti asubuhi. Tulimfuata Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Alikuwa Mjaluo mkamilifu: lafudhi, ukaidi, namna ya kuvuta neno la mwisho pale anapojua amekosa lakini hataki kukubali. Wajaluo walimhesabu wao. Kumbe Benson Wanjau, aliyekuwa ndani ya Ojwang', alikuwa Mkikuyu. Wengi walilifahamu hilo alipofariki Julai 2015, na baba mmoja wa Funyula aliniambia ametafakari siku mbili nzima kama amedanganywa, akaamua hapana. Nadhani aliamua sawasawa. Wanjau hakuwa akikejeli lafudhi. Alimpa Ojwang' aibu zake, madeni yake na mke anayemzidi akili, kisha lafudhi ikafuata.

Vibanda vilikuja na kanda za VHS mwishoni mwa miaka ya 1980. Uganda ilizalisha kazi mpya, ya vijee (VJ), anayeitafsiri filamu papo hapo. Majina makubwa ya Kampala, VJ Jingo na VJ Junior, yalifika kwetu kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu. Kenya ikamtoa DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili cha mtaani imetoka katika vibanda na vinyozi vingi kuliko hotuba za rais yeyote. Busia ikajikuta katikati. Filamu moja ya Schwarzenegger uliweza kuiona Busia Uganda kwa Kiganda asubuhi, ukavuka, ukala chapati, na kuiona tena kwa Kiswahili jioni, na ungeapa ni filamu mbili. Katika Commando ya 1985, John Matrix anamtafuta binti yake aliyetekwa. Mkalimani mmoja alimpa hasira za jeshi. Mwingine, upande wa pili, alimpa deni: alimsimulia kama baba aliyemwahidi mtoto karo ya shule, na sasa anasumbuliwa na watu wasioelewa kwamba muhula umefunguliwa. Kwenye mazungumzo ya Kimarekani hakuna karo. Lakini nakumbuka wanawake wawili waliokuja kuuza njugu wakakaa hadi mwisho.

Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani hodari, na si kutafsiri. Anatafuta ndani ya kila filamu mahali ambapo mtu amesimamishwa na mwenye mamlaka, na anakaza hapo. Akipakosa, anapatengeneza.

Gemu zilipokuja, mkalimani alinyang'anywa kiti, au tulidhani hivyo. Miaka ya 2000 vyumba vya PlayStation vilifunguliwa pande zote mbili za mpaka, unalipia dakika. Wengi walicheza mpira. Waliobaki walicheza San Andreas ya mwaka 2004. Staringi ni CJ, anayerudi nyumbani baada ya miaka mitano kwa ajili ya matanga ya mama yake. Kabla hajafika, teksi yake inasimamishwa na polisi. Ofisa Tenpenny anamchukulia fedha zake, anamtisha kwa kesi ya kusingiziwa, kisha anamtupa katika mtaa wa maadui. CJ anasimama pale, mikono mitupu. Na kitu cha kwanza anachokikuta kimeegeshwa ni baiskeli.

Nilikuwa Busia siku moja nikiwatazama vijana wawili wakilifikia hilo kwa mara ya kwanza. Aliyeshika kidhibiti hakusema neno. Aliyekaa kando, ambaye hakuwa na fedha ya kucheza, alianza kumsemesha CJ: "Panda, twende. Boda! Kwa mama ni wapi?" Akaendelea hivyo nusu saa, akibadilisha sauti, polisi Kiswahili kikavu, jirani Kisamia, na watu wakaacha kutazama mpira kwenye meza ya pili wakamzunguka yeye.

Mwaka 2010, Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alimaliza Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayosemwa kuwa chini ya dola 200, kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe na bunduki za vyuma chakavu. Kionjo chake kilisambaa duniani. Kapteni Alex ni komando shujaa, na jina lake ndilo jina la filamu. Anauawa kabla filamu haijafika mbali. Ndugu yake, anayejua kung fu, anakuja kuuliza nani kamuua, na filamu inakwisha bila jibu. Kwa sheria za kibanda hili ni kosa la kufungwa. Lakini hakuna anayelalamika, kwa sababu juu ya kila risasi iko sauti ya VJ Emmie, akicheka, akionya, akimsifu huyu, akimdhihaki yule, akiahidi kwamba sasa hivi mambo yataanza. Ile filamu bila sauti yake haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine, na nakala iliyookoka ni yenye kelele za Emmie. Anayetaka leo kumjua Alex, atamjua kupitia mtu ambaye hakuwemo kwenye upigaji picha.

Wamarekani nao walikumbana na swali la staringi kufa, ila kwa siri. Katika riwaya ya David Morrell ya 1972, Rambo anakufa. Katika kupiga picha ya First Blood pia walimuua, kisha wakaionyesha kwa watu wa majaribio, na watu wakakasirika. Mwisho ukabadilishwa. Hawakuwahi kufika kibandani, lakini walikuwa na sheria zetu.

Sisi siku ile ya Busitema hatukuujua mwisho wowote. Rambo alikuwa ameingia ndani ya kituo cha polisi, bunduki mkononi, taa zimezimika mji mzima, yule askari wa Kiswahili amelala sakafuni. Na jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Petroli imekwisha. Palikuwa giza totoro. Watu wakaanza kudai fedha zao. Ndipo mkalimani, bila maikrofoni, bila picha, akaendelea. Alisema Rambo alimtazama askari akamwambia: nilikuwa napita tu, nilitaka chakula. Akasema askari aliomba msamaha, kwa Kiganda sasa, ile sauti ya amri imemtoka. Akasema Rambo aliiweka bunduki chini, akatoka nje, akavuka lile daraja la mwanzo kwa mara ya tatu, na kule ng'ambo akapata gari la kwenda kwao, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Alitutajia hata kituo aliposhukia.

Miaka kumi baadaye niliuona mwisho wa kweli, upande wa Kenya, kwenye televisheni ya rangi. Rambo analia kama mtoto mikononi mwa kanali wake, kisha anatolewa nje akiwa mfungwa. Ni mwisho mzuri, Stallone analia vizuri. Nilikaa nikiitazama ile orodha ya majina ikipanda, nikisubiri daraja.